Mbano, Kufuli na Chombo: Habari za Kuhamisha Filamu kutoka Santuri hadi Kisanduku cha Nyumbani

Kila zama ina wanakili wake. Zamani mnakili alikaa juu ya mkeka, kalamu ya tete mkononi na kidau cha wino ubavuni, akahamisha beti za utenzi kutoka karatasi iliyoliwa na mchwa hadi karatasi mpya. Leo mnakili hukaa usiku mbele ya kompyuta, akahamisha filamu kutoka santuri iliyochubuka hadi faili litakalochezwa na kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye televisheni sebuleni. Kazi hizi mbili hazifanani kwa zana, lakini zafanana kwa hofu inayozizaa, nayo ni hofu kwamba chombo kitakufa na kilichomo kife pamoja nacho.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kazi hiyo ya pili. Watu wengi katika miji yetu huifanya, lakini ni wachache wajuao ilikotoka, na kwa sababu hiyo wengi huifanya vibaya. Mimi mwenyewe niliingia katika habari hii kwa mlango wa adha. Nilikuwa nimekusanya santuri mia na kitu za filamu ninazozitumia kufundishia tamthilia, nikanunua kisanduku cha kutiririshia filamu nyumbani, nikidhani kwamba kunakili ni kunakili. Faili la kwanza lilionyesha picha bila sauti. La pili lilitoa sauti bila picha. La tatu kisanduku kililikataa kabisa, kama bawabu amkataavyo mgeni asiye na barua. Hali mafaili yote matatu yalichezwa vizuri na kompyuta niliyoyanakilia! Swali likanikaa moyoni: yawezekanaje kitu kimoja kisomeke katika chumba hiki na kisisomeke katika chumba cha pili? Jibu lake ni historia ya miaka hamsini hivi, na ndani yake mna mambo matatu: mbano, kufuli na chombo. Nitayaeleza moja baada ya jingine.

Tuanze na mbano. Picha moja ya televisheni, kwa kipimo cha santuri zilizouzwa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani nukta 414,720. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti tatu za rangi, picha hiyo moja huchukua baiti 1,244,160. Na kwa kuwa katika sekunde moja hupita picha 25, sekunde hiyo yahitaji baiti zaidi ya milioni 31. Santuri ya dividii ya tabaka moja huchukua baiti bilioni 4.7. Msomaji akigawanya ataona kwamba filamu isiyobanwa ingeijaza santuri nzima kwa dakika mbili na nusu tu, na filamu ya saa mbili ingetaka santuri arobaini na nane. Basi pasingekuwa na mbano, pasingekuwa na filamu ya kuwekwa nyumbani kwa namna hii hata kidogo.

Msingi wa mbano huo uliwekwa na watu watatu: Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore katika India, na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, waliokuwa wakifanya kazi katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwezi Januari 1974 walichapisha njia ya hesabu ya kugeuza kipande cha picha kuwa orodha ya mabadiliko: yale ya polepole mbele, na yale ya haraka nyuma. Faida yake ni hii. Jicho la mwanadamu huona sana mabadiliko makubwa ya polepole, kama anga linavyofifia kuelekea machweo, lakini halihesabu kila punje ya mchanga ufukweni. Mwenye kubana hukata picha katika miraba midogo ya nukta nane kwa nane, akayageuza yaliyomo kuwa orodha ile, kisha akaitupa sehemu ambayo jicho halitaikosa. Kilichotupwa hakirudi tena. Neno hili naomba likumbukwe, maana nitalirudia mwishoni.

Mwaka 1988 Hiroshi Yasuda wa Japani na Leonardo Chiariglione wa Italia walianzisha jopo la mataifa lijulikanalo kwa herufi MPEG, ili kuweka kanuni moja ya kubana picha zinazokwenda. Jopo liliongeza hila ya pili juu ya ile ya miraba. Picha ishirini na tano za sekunde moja hufanana sana, basi ya nini kuziandika zote? Huandikwa moja kamili, na zinazofuata hutajwa tofauti zake tu: mraba huu umesogea kushoto, ule umebaki palepale. Wanafunzi wa ushairi wanaijua hila hii, maana mnakili wa shairi lenye kiitikio hakukiandika kila ubeti. Alikiandika mara moja, kisha akatia alama.

Kanuni ya kwanza ya jopo hilo ndiyo iliyozaa santuri za visidii mwaka 1993. Santuri moja ilichukua dakika 74, na kwa hiyo filamu iliuzwa kwa santuri mbili, nao watazamaji wa Afrika Mashariki watakumbuka jinsi mtu alivyoinuka katikati ya kisa kwenda kubadili santuri, wakati shujaa ananing'inia ukingoni. Kanuni ya pili ilizaa dividii, iliyouzwa kwanza Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani mwezi Machi 1997. Picha ikawa safi, kisa kikaenea katika santuri moja, na lugha kadhaa za sauti na za maandishi zikakaa pamoja. Lakini santuri hiyo mpya ilikuja imefungwa.

Hapa twaingia katika jambo la pili, nalo ni kufuli. Wenye kampuni za filamu walijua kwamba nakala ya tarakimu haichakai: nakala ya nakala ni sawa na asili. Kwa hiyo walikubali kuuza dividii kwa sharti kwamba data za filamu zifumbwe kwa fumbo la hesabu, na kila kiwanda cha mashine za kuchezea kipewe ufunguo wake kwa mkataba. Ufunguo huo ulikuwa wa biti 40 tu, udogo ambao wajuzi wa mafumbo waliudharau mara walipouona.

Pamoja na kufuli waliigawanya dunia katika majimbo, wakayatia namba. Marekani na Kanada zilikuwa jimbo la 1. Ulaya, Japani na nchi za Mashariki ya Kati jimbo la 2. Sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na India na Urusi, jimbo la 5. Santuri ya jimbo moja haikukusudiwa kuchezwa na mashine ya jimbo jingine. Tazama maana yake kwa watu wa pwani yetu. Mtu aliye Maskati akimpelekea nduguye wa Mombasa zawadi ya filamu aliyoinunua kwa halali dukani, alikuwa akitoa zawadi kutoka jimbo la 2 kwenda jimbo la 5, na zawadi hiyo ingeweza kugoma kufunguka. Bahari ile ambayo majahazi yameivuka kwa kusi na kaskazi karne nyingi, yakibeba tende, mbao na vitabu, iliwekewa ukuta na watu wasioijua. Hata viendeshi vya kompyuta vilivyotengenezwa tangu mwaka 2000 vilimruhusu mwenye kompyuta kubadili jimbo mara tano tu; baada ya hapo aliambiwa abaki alipo.

Kuna kisa kimoja cha zama hizo ambacho kila mwenye kupenda vitabu na filamu yampasa akijue. Mwaka 1998 kampuni ya maduka ya Marekani iitwayo Circuit City ilitoa santuri za namna ya pekee zilizoitwa DIVX. Mtu alinunua santuri kwa bei ndogo, akaruhusiwa kuitazama kwa saa 48. Akitaka zaidi alilipa tena, nayo mashine yake ilipiga simu usiku kwa kampuni kutoa hesabu. Biashara hiyo haikupendwa, na mwezi Juni 1999 ikafungwa. Mashine zilizokwisha kununuliwa ziliachwa zifanye kazi hadi katikati ya mwaka 2001. Muda ule ulipopita, santuri zile zilibaki vilevile rafuni, safi, hazina hata mkwaruzo mmoja, wala hapakuwa na mashine duniani iliyoruhusiwa kuzicheza. Mchwa hawakuhusika, wala moto, wala mvua. Mwenye ufunguo aliondoka, basi.

Miezi michache baada ya kufungwa kwa biashara hiyo, kufuli la dividii lenyewe lilivunjwa. Mwezi Oktoba 1999 ilitangazwa programu fupi iitwayo DeCSS, kazi ya kundi dogo la watu ambao mmoja wao tu alijulikana kwa jina: Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei mwenye umri wa miaka 15. Wenzake walikuwa wameona kwamba programu mojawapo ya kuchezea dividii haikuuficha ufunguo wake vizuri. Sababu waliyoitoa ilikuwa nyepesi kueleweka: wenye kutumia kompyuta za Linux walinunua santuri kama watu wengine, lakini hawakuwa na programu iliyoruhusiwa kuzicheza.

Johansen alishtakiwa nchini mwake. Tarehe 7 Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachilia, ikasema kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa kufungua kitu alichokinunua kwa halali ili akitazame. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na mwezi Desemba mwaka huohuo akaachiliwa tena. Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya mwaka 1998 ilikuwa imekataza kuvunja kufuli la kazi ya tarakimu, na vilevile kugawa zana za kulivunja; na mwezi Agosti 2000 Hakimu Lewis Kaplan wa New York alilizuia jarida liitwalo 2600 lisiichapishe DeCSS wala kuwaelekeza wasomaji mahali ilipo. Mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2001. Basi kitendo kimoja kilikuwa halali Oslo na haramu New York, nao wanasheria wakapata kazi ya kutosha.

Katika mabishano hayo lilizuka jambo ambalo wapenzi wa ushairi watalifurahia. Watetezi wa programu walidai kwamba maelezo ya hesabu ni maneno, na maneno hayafungwi. Ili kuthibitisha dai hilo, Mmarekani Seth Schoen alitunga mwaka 2001 mamia ya beti za haiku, ule mtindo mfupi wa Kijapani, akaieleza ndani yake hesabu yote ya kufungua kufuli la dividii. Sisi ambao wazee wetu walifundisha dini, tabia na utabibu kwa tenzi hatukuhitaji kuambiwa kwamba elimu yaweza kusafiri ndani ya mizani. Hata hivyo sikumbuki utenzi mwingine uliotungwa ili hakimu aulizwe: je, na huu utaufunga?

Sheria ya Marekani yenyewe ililegezwa kidogo baadaye, na miongoni mwa waliofaidika walikuwamo walimu. Mwaka 2006 walimu wa masomo ya filamu katika vyuo vikuu waliruhusiwa kufungua kufuli za santuri za maktaba zao ili kutoa vipande vya kufundishia. Na mwaka 2010 ruhusa hiyo ikapanuliwa kwa walimu wengine wa vyuo na kwa watengenezaji wa filamu za kumbukumbu. Lakini mtu wa kawaida anayetaka kuihamisha filamu yake kwenye kisanduku cha sebuleni hakupewa ruhusa ya namna hiyo. Kampuni ya Kaleidescape ya California, iliyouza mashine za kuhifadhia dividii zote za nyumba mahali pamoja na kuzipeleka katika kila chumba, ilishinda kesi yake mwaka 2007, rufaa ikaigeuza hukumu mwaka 2009, na mwaka 2012 ikapigwa marufuku na mahakama. Sheria za nchi zetu ni nyingine: Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999 na Kenya mwaka 2001, na kila msomaji yampasa aisome ya kwake kabla ya kushika santuri ya mtu.

Sasa tuje kwenye jambo la tatu, yaani chombo. Na hapa ndipo mafaili yangu matatu yatakapopata maelezo. Watu wengi hudhani kwamba jina la mwisho la faili, kama AVI, MP4 au MKV, ndilo namna ya filamu. Sivyo. Hayo ni majina ya vikapu. Ndani ya kikapu mna picha iliyobanwa kwa kanuni fulani, na sauti iliyobanwa kwa kanuni nyingine, na pengine maandishi ya tafsiri. Kanuni hizo za kubana na kubanua huitwa kodeki. Mtu akikiona kikapu kwa nje hajui kama mna maembe au mawe. Na mashine ijuayo kufungua kikapu si lazima ijue kula kilichomo.

Kikapu cha AVI kilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992. Mwaka 1999 Mfaransa Jérôme Rota aliibadili kodeki ya kampuni hiyo, iliyokuwa imezuiwa isiandike katika mafaili ya AVI, akaifanya iandike. Kwa dhihaka aliipa jina la ile santuri iliyokufa, akaiita DivX, na mwishoni akatia alama ya uso unaokonyeza. Kwa kodeki hiyo filamu ya dividii iliweza kubanwa hadi ikaenea katika santuri ya kawaida ya megabaiti 700. Mwaka 2001 kazi ya kuitengeneza DivX upya, iliyokuwa wazi kwa watu wote, ilipofungwa, baadhi ya washiriki waliondoka na kuendelea peke yao. Kodeki yao waliiita Xvid, jina lilelile likisomwa kutoka nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2002 kikatokea kikapu cha Matroska, ambacho ndicho MKV. Jina lake latokana na mwanasesere wa Kirusi abebaye mwanasesere mwingine tumboni. Na mwezi Mei 2003 majopo makubwa ya kanuni yalikamilisha kwa pamoja kodeki iitwayo H.264, iliyobana zaidi na kuharibu kidogo, nayo ikazoea kuwekwa katika kikapu cha MP4.

Zana za kazi nazo zilikomaa katika miaka hiyohiyo. Mfaransa Fabrice Bellard alianzisha FFmpeg mwaka 2000, programu ambayo imekuwa kama karakana ya mafundi wote: isomayo karibu kila kodeki na iandikayo nyingi kati yake. Mwaka 2003 Eric Petit alianzisha HandBrake, programu ya kuigeuza filamu ya santuri kuwa faili moja linalochezeka. Toleo lake la 1.0 lilitoka mkesha wa Krismasi mwaka 2016, baada ya miaka kumi na mitatu. Programu hiyo haina ufunguo wa kufuli ndani yake. Hugeuza kilichokwisha kufunguliwa au kisichofungwa.

Mwezi Machi 2007 kampuni ya Apple iliuza kisanduku chake cha kwanza cha sebuleni, Apple TV. Kilikuwa kizuri kwa umbo, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Kilipokea H.264 katika vikapu vya MP4 na vya jamaa yake, hakikupokea DivX, wala Xvid, wala Matroska. Watu waliokuwa wamejaza mafaili ya AVI kwa miaka minane wakajikuta wako nje. Hapo ndipo kugeuza filamu kulipotoka mikononi mwa mafundi wachache na kuwa kazi ya nyumba nyingi. Waundaji wa HandBrake waliweka tayari mpango wa kisanduku hicho, na ndani ya mpango huo mlikuwa na busara moja: faili lilitiwa sauti mara mbili, moja ya njia mbili kwa televisheni ya kawaida, na ya pili ile sauti ya asili ya santuri, isiyoguswa, kwa wenye vipaza sauti vingi. Kisanduku kilichagua kilichokiweza.

Basi yale mafaili yangu matatu, ingawa kisanduku changu kilikuwa cha miaka ya baadaye, yalishindwa kwa sababu tatu tofauti. La kwanza lilikuwa na picha ijulikanayo na sauti isiyojulikana. La pili lilikuwa na sauti ijulikanayo na picha ya kodeki ya zamani. La tatu lilikuwa na vyote viwili vijulikanavyo, lakini katika kikapu ambacho kisanduku hakijui kukifungua. Hilo la tatu halikuhitaji kubanwa upya hata kidogo. Lilihitaji kuhamishwa kikapu tu, kazi ya dakika moja isiyopunguza kitu. Mimi kwa kutojua nilisubiri saa nne likibanwa tena, na nikaliharibu.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuacha faili lilivyo na kuweka mkalimani katikati. Programu iitwayo XBMC, iliyoanzia katika mashine ya michezo ya Xbox mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilizaa mwaka 2008 programu nyingine iitwayo Plex, ambayo hukaa katika kompyuta ya nyumba, huuliza kisanduku kinajua lugha gani, kisha hufasiri filamu papo hapo inapochezwa. Mnakili huandika mara moja; mkalimani husema kila siku. Njia hii yataka kompyuta yenye nguvu na umeme usiokatika, lakini ina sifa moja kubwa: asili haiguswi.

Na hapa narudi kwa mnakili wa mkeka, maana yeye aliyajua haya kabla yetu. Tenzi nyingi tulizo nazo zimetufikia kwa sababu watu kama Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, walinakili maandishi ya wengine, na watu kama J. W. T. Allen walizunguka pwani wakizikusanya nakala hizo, hata zikapata nyumba katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini wanafunzi wetu wanajua pia kilichotokea maandishi hayo yalipohamishwa kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kilatini. Katika mwandiko wa zamani alama moja ilitumika kwa *i* na kwa *e*, na alama moja kwa *u* na kwa *o*. Aliyehamisha alilazimika kuchagua. Akichagua vizuri tulifaidika; akikosea, kosa lake lilivaa joho la uhakika, wala msomaji wa kitabu kilichopigwa chapa hakuweza kuliona. Aliyeokolewa ni yule tu aliyeweza kurudi kwenye mwandiko wenyewe.

Filamu nayo ni hivyohivyo. Kila mara ibanwapo upya, mbano hutupa kitu juu ya kile kilichokwisha kutupwa. Mwenye kubana asipotia maandishi ya tafsiri katika kikapu, tafsiri yapotea. Hata kasi huweza kubadilika: filamu iliyopigwa kwa picha 24 kwa sekunde na kuchezwa kwa 25, kama ilivyokuwa kawaida katika santuri za Ulaya na Afrika, ile ya dakika mia humalizika kwa dakika tisini na sita, na sauti za watu zikapanda kidogo. Watazamaji wetu wamewajua waigizaji wengi kwa sauti ambazo si zao kabisa.

Nitatoa ushahidi mmoja dhidi ya nafsi yangu. Mwaka 2006 tulimrekodi mwalimu wangu wa ushairi, ambaye sasa ni marehemu, akifundisha mizani kwa saa moja na nusu. Tuliitia kazi hiyo katika santuri moja isiyo na kufuli lolote. Miaka kadhaa baadaye, katika juma lile la kugeuza filamu zangu, niliigeuza na hiyo. Kwa kuwa nilitaka faili dogo, nilichagua mbano mkali. Nikaitazama katika kioo kidogo cha kompyuta, nikaona yatosha, nikaitupa santuri. Leo naitazama katika televisheni kubwa ya sebuleni. Sauti ni yake, uso ni wake anapotulia. Lakini mwalimu wangu alikuwa na desturi ya kuhesabu mizani kwa vidole, upesi upesi, huku akisoma. Na kila ainuapo mkono, vidole vyake huungana kuwa miraba ya rangi moja. Nasikia shairi, wala sioni hesabu. Hakuna aliyenifungia kufuli. Niliutupa ufunguo mwenyewe.

Najua mtu atasema kwamba makala haya yanawatetea wezi. Siwatetei. Waigizaji na watengenezaji wa filamu za Kiswahili wameumizwa sana na nakala zilizouzwa barabarani bila wao kupata senti, na mtu anayenunua nakala ya namna hiyo amekula jasho la mwenzake. Lakini kuiba ni jambo moja na kutunza ni jambo la pili. Mwenye santuri aliyoilipia, anayetaka wanawe waione filamu hiyo baada ya mashine yake kufa, hamwibii mtunzi. Anafanya kazi ambayo mwenye duka hakuahidi kuifanya. Na mwenye duka huondoka. UltraViolet, ghala la filamu lililoanzishwa mwaka 2011 likaungwa mkono na kampuni nyingi kubwa, lilifungwa mwezi Julai 2019. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kupeleka santuri kwa posta, ilipeleka ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Filamu zinazotiririka leo kutoka ng'ambo zaweza kuondolewa kesho bila hodi, kama zile santuri za mwaka 2001.

Kwa hiyo historia hii yatupa nasaha chache. Mtu aanze kuuliza kama faili lake lataka kubanwa upya au kuhamishwa kikapu tu. Anakili kutoka asili, asinakili nakala ya nakala. Atie na maandishi ya tafsiri na sauti ya asili, hata kama kisanduku cha leo hakivitaki, kwa kuwa kisanduku cha kesho kitavitaka. Atazame kazi yake katika kioo kikubwa, mahali penye mwendo mwingi, kabla ya kusema imekwisha. Na akiisha kuyafanya yote hayo, asiitupe santuri. Mimi yangu siwezi kuirudisha. Zilizobaki nimezipanga katika sanduku la mvule, mbali na jua, kila moja na jina lake na mwaka wake.